Litungu Nyuma ya Turubai

Nimechoka kusimulia jambo hili vipande vipande. Aliyenikuta saluni alipata habari za lori tu, aliyenikuta kanisani akapata za matanga, na sasa huko sokoni inasemekana ati nilimfukuza bibi kizee kwenye harambee. Sikumfukuza mtu. Nawaandikia yote, kutoka Kitale mpaka Malakisi, mpokezane mkisoma, na mtu asiniulize tena nikiwa nimeshika kichwa cha mteja.

Kitale

Maisha yangu mnayajua. Mchana nasuka nywele. Jioni nafunga mlango wa saluni na kukaa na redio yangu ya kaseti mbili, nikinakili nyimbo zangu kanda moja baada ya nyingine, na jina naliandika kwa mkono. Sina meneja, sina kampuni. Sauti ni yangu, gita la boksi ni langu, na litungu, kinubi chetu cha asili, ni la Mzee Wekesa wa Kiminini. Wapo wanaopiga litungu kwa fujo ili watu wajue wapo. Mzee Wekesa hupiga polepole, halafu ukishtukia mabega yako yameshaanza kucheza bila ruhusa.

Kanda yetu niliipeleka kwa mtangazaji mmoja kijana, Deno, mwenye kipindi cha nyimbo za asili redioni. Aliisikiliza akanirudishia. Hakusema ni mbaya. Alisema ni uongo.

"Sistee, hii ni kinanda," aliniambia. "Siku hizi mtu anafinya kidude, litungu inalia. Mimi nimedanganywa sana."

Nilimwambia aje Kiminini aone. Hakuwa na nafasi. Akasema Jumamosi atakuwa Malakisi, ameitwa kuongoza harambee ya zahanati, na atabeba mashine yake ya kurekodi. Tukimpigia mbele ya macho yake, ataucheza wimbo redioni. Tusipofika, basi, nisimpelekee kanda tena.

Niliumia. Mtu kuambiwa sauti yake mbaya ni jambo moja, lakini kuambiwa hukuimba wewe! Niliapa kwamba Jumamosi litungu litalia Malakisi hata ikibidi nilibebe kichwani kutoka Kitale. Kutoka hapa mpaka Malakisi, mtu aliyepata gari zuri anaamka, anakunywa chai, na kabla ya saa ya chakula cha mchana amefika. Mimi nikaondoka Ijumaa asubuhi, kwa kuwa naijua bahati yangu.

Kiminini

Mzee Wekesa nilimkuta amekaa nje, viatu vimepakwa rangi, litungu limefungwa ndani ya blanketi la mtoto. Nikadhani tunaondoka. Kumbe alikuwa na swali.

"Huko Malakisi nani atakuwa?"

"Watu, mzee. Mheshimiwa, wanakwaya, wakulima wa tumbaku..."

"Mimi siulizi watu. Nauliza watu ya bibi yangu."

Kwa wasomaji wa mbali nieleze kidogo. Kwetu mwanamume na mama mkwe wake hawapeani mkono. Hawaketi nyumba moja, hawali mmoja mbele ya mwenzake, na wakikutana njiani mmoja hupinda akaingia shambani mwa watu mpaka mwingine apite. Si chuki, ni heshima, na kadiri mnavyopendana ndivyo mnavyokimbiana. Sasa fikiria kukaa mbele yake kwenye kigoda, umefumba macho, unaimba, mabega yanatikisika, jasho linatiririka. Afadhali uvue shati sokoni.

Mkewe, Mama Simiyu, alijibu akiwa mlangoni na sahani ya viazi vitamu. "Mama iko Chwele, na hiyo magoti yake haiwezi mfikisha hata sokoni. Nenda bwana, acha kutafuta sababu."

Tulipokuwa tukila alinisimulia habari ambayo mzee mwenyewe hajawahi kunisimulia. Wakati wa kuposa, mama yake alimkataa Wekesa. Alisema msichana wake hatakula nyuzi. Wajumbe walitumwa wakarudi, wakatumwa tena wakarudi.

"Mpaka leo hajawahi sikia huyu akipiga," Mama Simiyu alisema huku akicheka. "Atamsikilia wapi, na hawawezi kaa mahali moja?"

Mzee Wekesa hakucheka. Aliinuka, akalibeba litungu lake, akatangulia barabarani.

Barabara ya Webuye

Mvua ilitukuta stendi. Lori la mahindi likasimama, dereva akachungulia, akaona mzee aliyekumbatia blanketi kifuani.

"Mzee, ingia ndani haraka. Huyo mtoto atapigwa na baridi."

Mzee Wekesa alinitazama. Mimi nikatazama milima. Tukaingia. Dereva alikuwa mtu mwema kupita kiasi: alifunga dirisha, alizima sigara, akaanza kutuuliza kama mtoto ananyonya vizuri. Nilisema ananyonya. Karibu na Kamukuywa gurudumu likaingia shimoni, lori likaruka, na kutoka kwenye blanketi ukasikika mlio mzito wa uzi. Dereva akafunga breki hadi mahindi yakatugonga migongo kupitia ubao.

"Mtoto amefanya nini?"

Ikabidi mzee afunue. Dereva aliliangalia litungu, akanitazama mimi niliyesema linanyonya, akaweka kichwa kwenye usukani akacheka mpaka machozi. Kisha akatoa hukumu: tulipe nauli kwa nyimbo. Mzee Wekesa akapiga, dereva akapunguza mwendo ili asikie vizuri, na mimi nikaimba na dirisha wazi. Nikiri kwamba nilifurahi. Safari niliyoiogopa ilikuwa imegeuka kuwa starehe.

Starehe iliishia kabla ya Misikhu. Kando ya barabara kulikuwa na boma lenye matanga, turubai limefungwa, watu wamejaa, na sisi hao tukapita tunaimba. Wanaume watatu wakasimama katikati ya barabara.

"Litungu inapitaje kwa mufu kama inaenda harusi?" mmoja aliuliza.

Hapo hapana ubishi. Mzee wa boma lile ndiye marehemu, na mzee huagwa kwa litungu. Lingekuwa limenyamaza ndani ya blanketi lingepita salama, lakini likishasikika umejitolea mwenyewe. Mzee Wekesa alikuwa ameshateremka kabla sijafungua mdomo. Dereva alituaga kwa huzuni, mahindi yake yalikuwa yanangojwa.

Nilinuna. Nilikaa na akina mama jikoni nikanuna huku nikila kuku na ugali wa wimbi, wakaniongezea mchuzi nikanuna zaidi. Kila nilipomkonyeza mzee tuondoke, mtu mwingine alikuwa anataka babu zake wasifiwe. Jua likazama. Uzi mmoja ukakatika, na yeye akaendelea na nyuzi zilizobaki bila hata kuangalia chini. Mjane alikuwa ameketi karibu naye, mkono shavuni, na kwa mara ya kwanza tangu tufike alikuwa anatabasamu. Nilipomwona nikaona aibu kidogo, nikaacha kununa, nikaenda kumsaidia mzee kuitikia.

Kanduyi

Asubuhi watu wa matanga walitupeleka kwa pikapu yao mpaka Kanduyi, wakatushusha wakatuombea. Tulihitaji vitu viwili, uzi na gari.

Gari halikuwepo. Kila chenye magurudumu manne kilikuwa kimekodiwa kubeba watu wa mheshimiwa kwenda kwenye harambee hiyohiyo tuliyokuwa tunaitafuta. Yalitupita yamejaa watu wanaopiga makofi, na makondakta wakatupungia mkono.

Uzi tuliupata kwa fundi wa baiskeli. Mzee alitaka nailoni, fundi hakuwa nayo. Alichukua waya wa breki ulioisha, akausokotoa, akachomoa unyuzi mmoja. Mzee Wekesa aliufunga, akaupima kwa kidole, akakunja uso.

"Hii inalia kama bati."

"Italia hivyo hivyo," nilisema. "Nailoni tutatafuta Jumatatu."

"Nafula, wewe hata ukikufa utataka jeneza ikimbie."

Nilikubali. Wavulana wa bodaboda za baiskeli walikuwa wamesikia tunakokwenda na wanacheka. Malakisi? Na baiskeli? Nikawaambia kama wao ni wazee waseme, tutafute vijana. Wawili wakakasirika, wakatupakia. Mzee Wekesa akakaa nyuma ya mmoja, blanketi kifuani, mimi nyuma ya mwingine, gita mgongoni. Kwenye mteremko tulikuwa watu wa maana. Kwenye mlima tulishuka sote wanne tukasukuma, na aliyenibeba akawa ananilaumu kwa kila jiwe.

"Mathe, si ungeimba tu kwa simu?"

Vumbi lilituingia mpaka kwenye meno. Mzee hakulalamika hata mara moja. Alisema tu, tulipopumzika chini ya mkaratusi tukila ndizi, kwamba tangu aoe hajawahi kukaribia upande wa akina mkewe akiwa na litungu. Alikuwa analificha kwa majirani kila watu wa mkewe walipokuja kusalimia.

"Siku hizi wanajua ninalima," alisema. "Hiyo inatosha."

Malakisi

Tulifika watu wakiwa wengi uwanjani, mheshimiwa bado anahutubia. Harufu ya tumbaku iliyoanikwa ilikuwa imechanganyika na ya nyama. Deno alikuwa karibu na jukwaa, vipokea sauti shingoni, na aliponiona nimegeuka rangi ya udongo alicheka kwa heshima.

"Wasee! Mmekuja kweli. Basi baada ya kwaya ni nyinyi. Fasta fasta, mheshimiwa akimaliza kula gari yake inatoka, na mimi niko ndani."

Nilikung'uta gauni, nikakaza nyuzi za gita. Kwaya ilianza wimbo wake wa mwisho. Nikageuka kumwita Mzee Wekesa, sikumwona. Nilimpata nyuma ya gari la wanakwaya, amechuchumaa, litungu liko chini.

"Yuko," alisema.

"Nani?"

"Mwenye msichana."

Hata jina hakulitaja. Alinyoosha kidevu tu kuelekea jikoni, hatua chache kutoka mahali tulipopangiwa kupiga, ambapo kikundi cha akina mama kilikuwa kinapika. Kando ya sufuria kubwa kuliko zote alikuwa amekaa mwanamke mzee, kiti chake kimesogezwa karibu na moto, mwiko mkononi kama upanga. Magoti ambayo hayakuweza kufika sokoni yalikuwa yamepandishwa mkokoteni wa punda na kufika Malakisi.

Nilimwendea Deno nikamweleza. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Si apige tu, sistee? Kwani huyo mathe ni polisi?" Nilipomwambia haiwezekani aliangalia saa. "Basi mimi nitaamini vipi? Nilisema ni kinanda, na sasa mwenye litungu ameingia uvunguni."

Nilitamani kulia, nikaona nitapoteza wakati. Nikaenda jikoni.

Kumwambia mtu mzima aondoke mahali alipokaa ni jambo gumu, na kumwambia aache sufuria yake ni gumu zaidi. Nilipiga magoti kwenye majivu.

"Kukhu," nilimwita, maana ndivyo tunavyomwita nyanya. "Nimekuja na mtu wa Mama Simiyu."

Alivuta leso akafunika uso papo hapo, mwiko ukabaki hewani. "Mukwe yangu iko hapa?"

"Yuko nyuma ya gari, kukhu. Hawezi kutoka."

"Na hiyo kitu yake? Bado anapiga?"

"Bado. Ndiyo imetuleta. Kuna mtu wa redio amekataa kuamini kwamba ni yeye anayepiga, na asipopiga sasa hivi, kazi yetu yote imekwisha."

Akina mama wengine wote wakaacha kukata vitunguu. Mimi nilikuwa nimejiandaa kusikia habari za nyuzi, na nilikuwa na majibu yangu.

"Msichana yangu anakura?" aliuliza kutoka chini ya leso.

"Anakula, kukhu. Amenenepa. Jana alinipa viazi nikashindwa kumaliza."

"Mm." Aligeuza nyama mara moja, bila kuitazama. "Sasa unataka niende wapi? Nikitoka hapa hawa watoto wataunguza chakura ya watu. Mimi sitoki. Rete turubai."

Turubai tulipewa na wenye tumbaku, lile la kufunikia majani mvua ikija. Vijana wakalifunga kwenye miti miwili, kati ya jikoni na uwanja, likamficha yeye na sufuria yake yote. Nikakimbia kwa Mzee Wekesa.

"Amesema mwenyewe?"

"Mwenyewe."

"Amesemaje?"

"Amesema rete turubai."

Aliposikia vile nilivyolitamka alijua sikutunga. Hata hivyo hakuinuka, na kwaya ilikuwa inashuka. Nilimwambia kwamba mimi sitarudi Kitale nikaendelee kuitwa mwongo, na kama yeye hawezi, nitakaa na litungu hilo mimi mwenyewe na kulikwaruza mpaka watu wakimbie. Ukweli ni kwamba sijui hata kulishika. Akainuka. Sijui kama ni kwa hofu ya kusikia nitakavyolikwaruza.

Alikaa kwenye kigoda, akaligeuzia turubai mgongo. Deno akamwekea kipaza sauti. Mwanzoni alipiga kwa kujibana, kichwa chini, kama mtu anayeongea kanisani. Ule waya wa breki ukalia kama bati kweli, na nilipousikia niliimba kwa nguvu zaidi ili niufunike. Ubeti wa kwanza ukapita hivyo. Kwenye wa pili vidole vyake vilifunguka. Waya ukaacha kuwa kelele, ukawa ndio unaotembea mbele ya nyuzi nyingine. Mabega yakaanza. Watu wakasogea. Deno aliondoa kipokea sauti kimoja sikioni ili asikie mwenyewe, na nilijua tumemshika.

Ndipo nyuma ya turubai kikapanda kigelegele kirefu, chembamba, cha kizee, kikapita juu ya litungu na juu yangu. Kila mtu wa huko alijua kimetoka kwa nani. Mzee Wekesa alishtuka hadi kigoda kikasogea, lakini mkono haukuacha. Mimi nilisahau maneno, nikarudia mstari uleule mara mbili.

Tulipomaliza, Deno alinyanyua mkono. "Poa sana! Nimeamini, kweli nimeamini. Sasa tuchukue ingine moja, chap chap. Huyo mathe ameniingilia katikati."

Nilimtazama Mzee Wekesa. Alikuwa anafuta uso kwa blanketi la mtoto, na uso haukuwa na jasho tu.

"Hapana," nilimwambia Deno.

"Sistee, hiyo haiwezi enda hewani. Mshale wa sauti kwa mashine umeruka mpaka mwisho, na wewe umerudia mstari."

"Basi iende hivyo, au isiende."

"Unajua umetoka wapi kuja kutafuta hii?"

"Najua kuliko wewe. Hatupigi tena."

Aliniangalia kama mwendawazimu, akafunga mashine yake. "Si-promise kitu," alisema, akaenda kula. Tuliletewa sahani mbili zilizojaa kupita zote, na aliyezileta alisema zimetoka nyuma ya turubai. Mzee Wekesa alikwenda kula yake mbali, upande wa pili wa gari.

Kurudi

Kurudi hakukuwa na la kusimulia. Tulilala njia nzima. Kazi ilikuwa kungoja. Kila siku ya kipindi nilifungulia redio saluni, wateja wakanyamazishwa, na kila siku ikawa nyimbo za watu wengine. Nilianza kujiuliza kama ukaidi wangu ulitosha au ulizidi, lakini sikumwuliza Mzee Wekesa, wala yeye hakuniuliza.

Kisha Deno akapiga simu, maneno mawili, "Leo jioni," ikakatika. Niliacha mteja na nusu ya kichwa, naye ananidai mpaka leo, nikaenda Kiminini.

Tulikaa watatu sebuleni kwao, redio mezani juu ya kitambaa. Deno alizungumza sana, hatimaye akasema, "Hii si kinanda, niliona na macho yangu," na litungu likaanza na waya wake wa bati. Mama Simiyu alishika mdomo. Mzee alikaa wima, mikono magotini, akijisikiliza kama anayesikiliza mgeni. Nilijua ubeti wa pili unakuja.

Kigelegele kikapanda, kikajaa nyumba nzima.

"Huyo ni mama," Mama Simiyu alisema taratibu.

Mzee Wekesa alikuwa ameshasimama. Akachukua kofia yake, akainama, akatoka nje ya nyumba kwa adabu zote, kama ambavyo angetoka iwapo mama mkwe wake angeingia kwa mlango. Nje kulikuwa na manyunyu. Alisimama kando ya ukuta, na wimbo wake wa kwanza redioni ukabaki ndani na sisi.

Mama Simiyu akafungua dirisha, akaongeza sauti mpaka mwisho.